Sura ya Saba: Wenyeji wa Kihansi, Wakazi wa Ohio

Bustani ya wanyama ya Toledo haimo katika orodha ya bustani ambazo watalii wa dunia huzikimbilia. Ni bustani ya mkoani, kando ya mto Maumee karibu na ziwa Erie, kaskazini mwa jimbo la Ohio nchini Marekani, katika mji unaojulikana zaidi kwa vioo na magari aina ya Jeep kuliko kwa simba. Ilianza mwaka 1900 kwa mnyama mmoja tu, kindi mkubwa wa ardhini mchimba mashimo, aliyetolewa zawadi kwa idara ya bustani za mji. Miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoanguka na serikali kuwatafutia kazi wasio na ajira, mafundi walijenga majumba yake mengi kwa mawe, matofali na vyuma vilivyookolewa kutoka majengo yaliyobomolewa. Nyumba ya nyoka, kenge na vyura ni mojawapo ya majumba hayo, na kwa sura hii ndiyo yenye mambo.

Habari za bustani ya namna hii zina mtindo wake, na anayezifuatilia kwa miaka michache ataukariri: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamishiwa wapi. Dubu kaletewa mchumba kutoka mji mwingine. Twiga mzee kalala na hakuamka. Watu wa mji huzisoma kama wanavyosoma habari za majirani, na wengine hulia kweli. Mwaka 2003 habari iliyotikisa Toledo ilikuwa ya tembo. Jike aitwaye Renee alizaa dume, akapewa jina la Louie, na watoto wa shule wakapangwa foleni kwenda kumwona. Mtoto wa tembo hahitaji matangazo. Anajikwaa, anapiga mkonga chini, anaanguka kwenye tope, na gazeti limepata picha.

Wakati huohuo, nyuma ya mlango usiofunguliwa kwa wageni, bustani hiyohiyo ilikuwa na kundi la vyura wa Kitanzania waliokuwa wakifa mmoja mmoja.

Chura wa manyunyu wa Kihansi, kwa wataalamu Nectophrynoides asperginis, ni mdogo kiasi cha kumtia mtu mashaka kama kweli amekomaa. Jike mkubwa hafiki sentimita tatu, na dume ni mdogo zaidi. Rangi yake ni ya dhahabu iliyokolea, na ngozi ya tumbo ni nyembamba hivi kwamba jike mwenye mimba akigeuzwa chali, watoto wanaonekana ndani. Watoto, si mayai. Vyura wengi tunaowajua hutaga majini, viluwiluwi wakaogelea mpaka waote miguu, lakini huyu hana muda huo wala hana dimbwi la kuwawekea. Anawalea tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili wenye miguu minne, kila mmoja wa milimita tano hivi, mdogo kuliko punje ya mchele. Mhudumu anayesafisha tangi lao hulazimika kukagua kila jani na kila kipande cha karatasi kabla ya kukitupa, maana huenda kimebeba mtoto.

Nyumbani kwao ni mahali pamoja tu duniani. Mto Kihansi unashuka kutoka nyanda za juu za Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, na njiani unaanguka kwenye korongo kwa maporomoko yanayofuatana. Maji yakigonga mwamba hupasuka kuwa manyunyu, upepo wa maporomoko yenyewe huyasukuma kando, na pale yanapotua pameota zulia la mimea laini isiyokauka mwaka mzima. Zulia hilo lilikuwa na ukubwa wa hekta mbili hivi. Vyura wote wa aina hiyo waliishi humo, maelfu kwa maelfu, katika eneo ambalo mkulima wa Ifakara angeliita shamba dogo. Korongo hilo lina hata kahawa yake ya porini, Coffea kihansiensis, isiyopatikana kwingine.

Hakuna mwanasayansi aliyekuwa akimjua chura huyo mpaka mwaka 1996. Wakati huo bwawa la kufua umeme juu ya korongo lilikuwa tayari linajengwa, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na nchi za Ulaya. Kwa mhandisi, Kihansi ni zawadi ya Mungu: mto usiokauka na mteremko wa mamia ya mita kwa mwendo mfupi. Unayachukua maji juu, unayapitisha kwenye handaki ndani ya mlima, unayaangushia kwenye mitambo iliyochimbiwa chini ya ardhi, kisha unayarudisha mtoni. Megawati 180, na bwawa lenyewe ni dogo. Hakuna kijiji kilichozamishwa. Anayekumbuka mgao wa umeme wa miaka ya tisini, mama akiwasha koroboi saa moja jioni na samaki wakioza kwenye majokofu ya soko la Feri, haoni ajabu kwamba Kihansi ilisubiriwa kama mvua.

Mitambo ilipoanza kuzunguka, kati ya mwaka 1999 na 2000, sehemu kubwa sana ya maji, kama asilimia tisini, iliacha kupita korongoni. Manyunyu yakakata. Zulia likaanza kukauka kutoka pembeni, magugu ya nchi kavu yakaingia, na siafu wakayafuata. Chura wa sentimita mbili hana pa kumkimbilia siafu.

Tanzania nzima ilimjua chura huyu kupitia utani kabla ya kumjua kupitia sayansi. Vyura wa Kihansi wakawa mfano wa mambo yasiyo na maana yanayotengewa fedha: wananchi hawana dawa, vyura wanapanda ndege. Nimeusikia utani huo kwenye daladala, kwenye semina na kwenye kipindi cha redio, na sehemu yake naielewa. Nchi iliyoambiwa kila siku kwamba ni maskini ina haki ya kuuliza kwa nini ghafla kuna pesa za chura. Ila utani ulikosea jambo moja la msingi. Mzozo wa Kihansi haukuwa kati ya chura na umeme. Mzozo ulikuwa juu ya maji kiasi gani yaachwe yapite, na ulikuja kuzungumzwa baada ya zege kukauka kwa sababu uchunguzi wa viumbe wa korongo ulifanywa wakati ujenzi umeshaanza. Ungefanywa miaka mitano mapema, huenda leo tungekuwa tunajadili lita kwa sekunde, na vyura wasingepanda ndege yoyote.

Walipanda mwishoni mwa mwaka 2000. Serikali ya Tanzania ilikubaliana na Bustani ya Bronx ya New York wachukuliwe vyura kama akiba, wakati korongoni mafundi wakitega mabomba na vinyunyizio vya kuiga manyunyu ya maporomoko. Wakakusanywa 499. Kwa makubaliano hayo vyura, na watoto watakaozaliwa, walibaki mali ya Tanzania. Wako ughaibuni, lakini uraia hawakubadilisha. Kutoka Bronx waligawanywa kwenye bustani kadhaa, Toledo ikiwemo, kwa busara ileile ya mfanyabiashara asiyeweka fedha zake zote kwenye sanduku moja.

Kisha wakaanza kufa, na hapo ndipo kazi halisi ya bustani ya wanyama inapoonekana, ile isiyoingia gazetini. Hakukuwa na kitabu cha kufuga chura huyu. Aina nzima ilikuwa imejulikana kwa miaka minne tu. Wahudumu walijua kwamba anataka unyevu, basi wakampa unyevu, na bado akafa. Walimkuta na minyoo kwenye mapafu. Walimkuta na maradhi ya ngozi na dalili za lishe duni. Majike walizaa watoto wengi, na watoto hawakufika mbali. Bustani moja baada ya nyingine ikapoteza kundi lake. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2004, kati ya wale 499 na vizazi vyao walikuwa wamebaki vyura wapatao 70, Bronx na Toledo tu.

Sabini ni idadi ya kutisha kwa mnyama anayeweza kufa kwa sababu mtu kasahau kubadilisha taa.

Na taa, kumbe, ilikuwa sehemu ya jibu. Korongo la Kihansi linapata jua la tropiki, na mionzi yake humsaidia mnyama kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo mifupa haishiki madini. Vyumba vya Ohio vilikuwa na mwanga wa kumwezesha mhudumu kuona, lakini kwa chura haukuwa mwanga wa kutosha. Walipofungiwa taa zenye mionzi hiyo kwa nguvu, hali ikaanza kugeuka. Maji nayo yakawekwa chini ya ulinzi: yanachujwa kwa mashine, kisha yanarushwa kama ukungu kwa vipindi vilivyopangwa kwa saa. Chakula kikawa mradi wa peke yake. Chura mwenye mdomo mdogo hivi hali mende wala panzi. Anataka wadudu wa kuonekana kwa shida: inzi wadogo wa matunda, nyenje waliototolewa jana, na viumbe wa udongo ambao wengi wetu tungedhani ni vumbi linalotembea. Hawauzwi sokoni kila asubuhi, kwa hiyo inabidi wafugwe, na wao walishwe vizuri, na kabla ya kumwagwa kwenye tangi wapakwe unga wa vitamini na madini. Aliyesema kazi ya bustani ya wanyama ni kulisha simba hajawahi kuchunga inzi.

Kuna kinaya hapa ambacho wahudumu wa Toledo lazima wamekiona kabla yangu. Kiumbe aliyepoteza makazi kwa sababu ya umeme akawa anaishi kwa umeme mtupu: pampu, chujio, taa, kiyoyozi. Kijijini kwao maporomoko yalifanya yote hayo bure.

Wakati chumba cha Toledo kinajifunza, kule Udzungwa mambo yalikwenda kinyume na matumaini. Vinyunyizio vilifanya kazi nzuri kiasi cha kumfanya mtu aamini tatizo limekwisha. Hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura karibu 21,000 korongoni. Miezi saba baadaye, Januari 2004, watafiti waliona vyura watatu na kusikia madume wawili wakiita.

Kilichowaua kimejadiliwa kwa muda mrefu, na mtu anayetaka mkosaji mmoja ataondoka mikono mitupu. Mwaka 2003 vinyunyizio vilipata hitilafu. Milango ya bwawa ilifunguliwa kuondoa tope, na kuna walioshuku kwamba tope hilo lilishuka na dawa za wadudu kutoka mashamba ya mahindi ya juu ya mto. Lakini maiti za vyura zilibeba pia ushahidi wa kuvu aina ya kitridi, ugonjwa ambao katika miongo ya karibuni umefyeka vyura kuanzia Australia hadi Amerika ya Kati. Kuvu huyu hukaa kwenye ngozi, na ngozi ya chura si koti la kujifunika tu. Ndiyo anayonywea maji na kupitishia chumvi za mwili. Ikiharibika, chumvi za damu huyumba na moyo husimama. Kwa kundi lililokusanyika kwenye hekta mbili, lililokwisha kudhoofishwa na ukame, halihitajiki pigo la pili. Namna kuvu alivyofika pale haijathibitishwa, na viatu vya watu, wakiwemo waliokwenda kuokoa, havijaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa hiyo, kuanzia mwaka 2004, sehemu mbili za kuaminika za kumpata chura wa Kihansi duniani zilikuwa New York na Ohio. Habari hii ingepaswa kuwa kubwa kuliko ya mtoto wa tembo, lakini chura wa sentimita mbili hapigi picha nzuri. Toledo walijaribu hata hivyo. Novemba 2005 walifungua tangi la maonyesho, na kwa miaka kadhaa hapo palikuwa mahali pekee duniani ambapo mtu wa kawaida aliweza kumwona chura huyu kwa macho yake. Mtanzania aliyetaka kumwona kiumbe wa mkoani kwake alihitaji visa ya Marekani.

Wengi wao hata hivyo hawakuwa kwenye maonyesho. Walikaa nyuma, kwenye vyumba vilivyotengwa, ambako kanuni ni zilezile za wodi ya wagonjwa wa kuambukiza. Viatu vya chumba hicho havitoki, na vya nje haviingii. Glavu hubadilishwa tangi hadi tangi. Anayehudumia vyura wengine wa bustani huanza na hawa asubuhi, ndipo aende kwa wale, wala harudi. Katika chumba cha namna hiyo hakuna shujaa wala mandhari, ila mtu mwenye chupa ya kunyunyizia na daftari la kuhesabia, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichomwokoa chura wa Kihansi, kuliko mkutano wowote wa kimataifa uliofanyika kwa jina lake.

Hesabu za daftari zikapanda. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza rasmi kwamba chura huyu ametoweka porini, na mwaka uliofuata Toledo peke yake ilikuwa na maelfu. Bronx nako walikuwa maelfu. Ikawa tatizo la neema: nafasi. Mwaka 2010 Toledo ilipeleka vyura 350 kwenye bustani ya Chattanooga huko Tennessee, na makundi mengine yakaenda kukaa Detroit na Omaha. Safari hii yaliondoka na maelekezo kamili ya taa, maji na wadudu.

Agosti ya mwaka huohuo vyura 100, mchanganyiko wa Bronx na Toledo, walirudi Tanzania. Hawakupelekwa korongoni moja kwa moja. Walipokewa kwenye kituo maalumu kilichoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na joto la Dar lingewamaliza kwa siku chache kama chumba kisingepozwa. Wahudumu wa Kitanzania walikuwa wamekwenda Marekani kujifunza kazi, na sasa daftari likawa lao. Ni makosa kudhani hiki kilikuwa kituo cha kupitisha mizigo. Hapa ndipo yalipojibiwa maswali ambayo Ohio isingeweza kuyajibu: je, udongo na mimea ya korongoni bado vingewaletea ugonjwa? Je, wangeweza kuishi pamoja na vyura wa aina nyingine waliobaki kule, ambao huenda wanabeba kuvu bila kuugua? Walijaribu kidogo kidogo, kundi dogo kwanza, wakisubiri kuona nani anakufa. Majibu yakawa ya kutia moyo kuliko ilivyoogopwa.

Mwaka 2012 vyura wa kwanza waliachiwa kwenye korongo la Kihansi, kwanza wachache wa majaribio, kisha makundi makubwa. Mifano ya amfibia aliyekwisha kutangazwa kuwa ametoweka porini akarudishwa alikotoka ni michache mno. Vyura wenyewe walikuwa vizazi kadhaa mbali na wazazi waliokusanywa mwaka 2000. Walizaliwa kwenye karatasi yenye unyevu, chini ya taa, wakalishwa inzi waliopakwa unga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia maporomoko wala kukutana na siafu.

Ningependa kuandika kwamba sasa korongo limejaa dhahabu. Mambo hayajafika huko. Tangu hapo maelfu wameachiwa kwa awamu, na baadhi wamezaa humo humo, jambo ambalo ni kubwa. Hata hivyo, kundi bado halijasimama kwa miguu yake. Idadi hupanda kila kundi jipya linapoletwa, kisha hushuka. Kuvu hajaondoka. Vinyunyizio vinaendelea kufanya kazi ya mto, na bomba la kilimani, linalozibwa na mchanga na majani, linahitaji fundi wa kupanda kulifungua msimu baada ya msimu. Siafu nao wana ratiba yao. Kiasi cha maji kinachoruhusiwa kupita kimewekewa masharti, lakini ni sehemu ndogo ya mto uliokuwepo, na kila mwaka wa ukame, gridi ikilemewa, kuna mtu ofisini anayeitazama hiyo sehemu ndogo kwa tamaa.

Ndiyo maana Toledo na Bronx hawajafunga vyumba vyao, na hakuna aliyewaambia wafunge. Makundi ya Marekani hubadilishana vyura ili damu isikaribiane mno, Dar es Salaam na kituo kingine kilichoko Kihansi kwenyewe wanaendelea kuzalisha, na bustani ya mkoani huko Ohio bado hupakia vyura wa kusafirishwa kwenda Tanzania pale wanapohitajika. Katika orodha za IUCN chura wa Kihansi amebaki kwenye daraja lilelile la mwaka 2009. Ili ashushwe daraja hilo, itabidi watafiti wakute korongoni kundi linalozaa na kukomaa bila kuongezewa kutoka nje, miaka kadhaa mfululizo, na hesabu hiyo bado inaendelea.